Unatumia dawa za sonona alafu unataka kukata mwili? Anza na pakti

Wadada wengi, na wakaka pia siku hizi tusidanganyane, wakianza dawa za sonona miezi miwili mitatu nguo zinabana, alafu kwa daktari hawarudi, wanaagiza chai ya kukata tumbo huko Instagram. Mi nauza kwenye duka la dawa, swali la "hii naweza kuchanganya na hii?" naulizwa sana, tena mara nyingi mtu ameshaanza kunywa.

Kwanza jua jina la dawa yako, "kale kadogo ka usiku" sio jina. Ukikuta ni amitriptilini au mirtazapini, hizo zinajulikana kwa kuleta njaa na kunenepesha, kwahiyo pengine unachohitaji ni daktari akubadilishie tu na hiyo hela ya chai ukabaki nayo. Ila usiache ghafla kwa kujiamulia, utapata kizunguzungu, usingizi utapotea, wengine wanahisi kama shoti za umeme kichwani, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Na wa fluoksetini, usiseme nimeacha jana leo naanza kingine, hiyo inaweza kukaa mwilini hadi wiki tano hivi.

Sasa pakti ya hiyo chai au vidonge vya kukata mwili, igeuze usome nyuma. Ukiona 5-HTP au St. John's wort rudisha dukani, maana zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo, na dawa yako inafanya kazi hiyohiyo, zikikutana inazidi. Hiyo St. John's wort inapunguza mpaka nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV. Garcinia, ile ya tunda, nayo iache, kuna watu imewaharibu ini. Chai nyingi za tumbo ukisoma vizuri ni sena, yani dawa ya kuharisha, unapungua maji tu mafuta yako palepale, alafu ukiharisha sana potasiamu inashuka na kama uko kwenye sitalopramu, esitalopramu au amitriptilini mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Kinachonitisha zaidi lakini ni kile ambacho hakijaandikwa. Kuna dawa ya kukata njaa inaitwa sibutramini, Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni 2010 kwa ajili ya matatizo ya moyo na kiharusi, ila FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya kahawa na vidonge vinavyouzwa kama "asilia", na kuna bidhaa walikuta fluoksetini yenyewe humo ndani, yani mtu anameza dozi mbili na hana habari. Kwahiyo majani yakikukata njaa siku ya kwanza tu, mdomo mkavu, moyo unadunda, usiku macho kodo, hayo usiyaite majani, acha kunywa.

Kama lazima utumie kitu, isabgol ina afadhali, ni nyuzinyuzi inakushibisha, kunywa na maji mengi na iachane na dawa zako masaa mawili, maana inaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Hata hivyo mwambie anayekuandikia dawa. Piga picha pakti mbele na nyuma umtumie WhatsApp, haoni ajabu, na ongeza kimoja kwa wakati ili ikitokea shida ujue ni kipi.

Ukishachanganya na ukaona unatetemeka, jasho linakutoka, unaharisha, moyo unaenda mbio, misuli imekaza, joto limepanda au unaongea vitu havieleweki, hasa ndani ya siku moja tangu uongeze kitu kipya, hapo sio pa kusubiri asubuhi wala kunywa maziwa, ni hospitali usikuusiku na mtu wa kukusindikiza. Beba dawa zako zote na ile pakti, hata kama unaona aibu.