Kuvuna maji ya mvua kwa paa la bati: mwongozo kwa nyumba za mawe ya matumbawe

Katika vijiji vya upande wa mashariki wa Pemba, kama ilivyo Makunduchi kwa upande wa Unguja, ardhi ni jiwe la matumbawe lenye udongo haba, na kisima kilichochimbwa karibu na pwani huweza kutoa maji ya chumvi hata pale kilipogharimu fedha nyingi. Nyumba yenye bati jema ina chanzo kingine cha maji juu ya kichwa chake.

Anza kwa kupima. Mvua ya milimita 1 inayoanguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 8, ikipimwa chini kwenye ardhi na si kwa kufuata mteremko wa paa, ina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 huleta lita 960, na ukitoa yale yanayorukia nje na kubaki kwenye bati, hesabu asilimia 80, yaani lita 768 hivi. Paa la makuti huyatia maji rangi na takataka, kwa hiyo yafae kwa kufulia na kumwagilia tu.

Ukubwa wa tangi usiupime kwa wingi wa masika, bali kwa urefu wa kiangazi. Watu 6 wanaotumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia humaliza lita 30 kwa siku, na Januari na Februari, wakati wa kaskazi, zina siku 59, ambazo ni lita 1,770. Tangi la lita 2,000 basi linatosha, kwa sharti kwamba limejaa vuli inapokatika. Matangi ya wengi hufurika Aprili, nao wakajisahau Desemba.

Gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa, ifungwe chini ya ukingo wa bati na ipewe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Sehemu inayopuuzwa sana ni maji ya mwanzo, ambayo hubeba vumbi, majani ya mwembe na uchafu wa kunguru. Kabla ya tangi, weka paipu ya inchi 4 iliyosimama wima na kuzibwa chini. Kila mita yake huchukua takriban lita 8, kwa hiyo mita 3 zitapokea lita 24, nazo zikijaa ndipo maji safi hupita kwenda tangini. Toboa tundu dogo kwenye kizibo ili paipu ijimwage polepole, au ukifungue mwenyewe kila mvua inapokwisha.

Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani 2, hivyo lisimame juu ya msingi wa mawe na saruji uliosawazishwa. Bomba la kuchotea liwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na kila tundu, pamoja na la kupunguzia maji, lifunikwe kwa wavu wa mbu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Tangi lioshwe mwishoni mwa kaskazi, likiwa karibu tupu, na bati lifagiliwe siku hiyohiyo kabla wingu la kwanza la masika halijakusanyika.