Kabla ya kuahidi kumsomesha mwana wa Polytechnique (kitivo cha uhandisi)

Chukua karatasi kwanza, uhesabu miaka. Kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), anayetaka kuwa injinia husoma miaka 3 ya lisansi na 2 ya masta, krediti 60 kila mwaka. Mitano hiyo ni ya kwenye karatasi. Weka na mmoja wa akiba, kwa sababu kozi ngumu humrudisha hata mwenye akili. Sisi ndugu wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa) moja ya mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, tulianza kwa kugawia vijana watano, kila mmoja kidogo. Wawili tu ndio waliofika mwisho. Siku hizi tunachukua mmoja, tunamaliza naye, ndipo tunaita mwingine. Inaniuma sana kumwambia mama angoje wakati mtoto wake ameshinda mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Lakini kumfikisha mtu katikati ya mto ukamwachia mkono ni vibaya zaidi.

Halafu angalia kalenda ya malipo, si jumla yake peke yake. Ada hutajwa kwa dola na hulipwa kwa mafungu, na mzazi anayeuza makala (makaa ya kupikia) huingiza faranga. Faranga ikishuka, deni linapanda na makala ni yale yale. Kijana wetu mmoja alikosa fungu la mwisho. Pesa tulikuwa nayo, ila ilichelewa wiki mbili. Alifika mlango wa chumba cha mtihani akiwa na kalamu mbili na rula mkononi, akarudishwa kwa kuwa hakuwa na bordero ya benki, ile karatasi ya kuonyesha amelipa. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Tangu siku hiyo fungu la mwisho tunaliweka kando kabla ya kulipa la kwanza, na bordero zote tunazipiga picha.

Lililo gumu kuliko ada, kwa maoni yangu, ni hesabu za mwaka wa kwanza. Mtoto anatoka shule ya mtaani ambako mwalimu aliandika ubaoni kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili. Profesa wa chuo haelezi mara mbili, na ukumbi umejaa hadi madirishani. Kwa hiyo, katika miezi ya kiangazi, kati ya diploma ya sekondari na kuanza kwa masomo ya chuo, mtafutie mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wakae wote wakirudia aljebra, trigonometria, derivee (hesabu za kasi ya mabadiliko) na fizikia ya nguvu. Mlipe huyo mwalimu mdogo, hata kidogo, asije kwa huruma tu. Mwulize kijana akueleze zoezi kwa Kiswahili. Akiweza kukueleza wewe usiyejua, amelielewa. Nunua na kikokotoo chake mwenyewe. Cha kuazima hakipatikani siku ya mtihani, maana kila mtu ana mtihani huo huo.

Njia nayo ihesabiwe. Kutoka Katuba hadi kampasi ya chuo kikuu, Kasapa, ni takisi ya kwenda mjini na nyingine ya kutoka mjini, kwenda na kurudi, siku zote za juma. Mmoja aliniambia, “Yaya (ndugu mkubwa), niko nasoma, lakini saa sita njaa inanishinda.” Tulikuwa tumelipa kila kitu isipokuwa chakula cha mchana. Umeme ukikatika usiku, taa ya kuchaji ina thamani kuliko kitabu kipya. Na kama ni binti, kaa na wazazi wake mapema mkubaliane nani atateka maji na kusonga bukari (ugali) wiki ya mitihani.

Wafadhili wengi husahau staji, yaani mafunzo ya kazini. Migodi mingi iko upande wa Likasi na Kolwezi, na Kolwezi ni kama kilomita 300 kutoka hapa. Kijana atahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula cha wiki kadhaa, na mara nyingi halipwi kitu. Atahitaji pia viatu vya usalama na kofia ngumu. Asipokuwa navyo, getini hapiti. Barua ya kuomba nafasi ianze kuzunguka miezi mingi kabla. Watoto wa wakubwa wana mjomba ndani ya kampuni. Wa kwetu hana, basi wewe uwe mjomba huyo: uliza kanisani, uliza jirani anayefanya kazi mgodini, mpeleke kijana mwenyewe akaonekane uso. Mimi hii naiona ni msaada mkubwa kuliko fungu lolote la ada.

Mwaka wa mwisho usifumbe mfuko. Kuna vipimo vya maabara kwa ajili ya memwari (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo), kuna kompyuta ya kuchorea mipango, kuna kuchapa nakala za majuri (walimu wanaoipima kazi hiyo) na kuzirudia baada ya masahihisho. Baada ya kutetea kazi yake bado kuna pesa ya kutoa diploma na karatasi za alama, na bila hizo hakuna kampuni itakayosoma jina lake. Sisi huweka pesa hiyo kwenye bahasha tangu anapoingia masta, tukaandika juu yake jina la kijana.