Kuchagua risasi za gobore kwa kuwinda elki Colorado

Elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) dume wa milima ya Rocky huweza kuzidi kilo 300, na gobore haliwezi kurusha risasi kwa kasi ya raifo ya kisasa. Kwa hiyo kinachoua hapa ni uzito wa risasi na jinsi inavyokaza ndani ya mtutu wako. Wengi hufikiria uzito tu.

1. Anza na sheria. Msimu wa magobore wa Septemba hauruhusu saboti (kikombe cha plastiki kinachovishwa risasi nyembamba), baruti ya vidonge, baruti isiyotoa moshi wala darubini. Kwa elki mtutu usipungue kaliba .50 (kipenyo cha ndani cha nusu inchi), na risasi ya kaliba hiyo isipungue greni 170 (greni ni kipimo cha uzito; gramu moja ni takribani greni 15). Soma kijitabu cha mwaka husika cha Colorado Parks and Wildlife (idara ya wanyamapori ya jimbo) kabla ya kununua, maana pakiti nyingi madukani huja na saboti.

2. Pima msokoto wa mtutu, yaani jinsi mifereo ya ndani inavyozungusha risasi. Hakikisha gobore ni tupu. Sukuma kitambaa kinachobana hadi chini kwa mdeki (fimbo ya kushindilia) unaozunguka wenyewe, weka alama, kisha vuta polepole mpaka mdeki uzunguke robo. Zidisha urefu uliovuta mara nne. Inchi 7 ni msokoto wa 1:28 (mzunguko mmoja kwa inchi 28), unaopenda risasi ndefu za koni. Ukipata 1:66, mtutu huo ni wa goroli (risasi ya duara).

3. Chagua uzito. Goroli ya .490 ina takribani greni 177. Inaruhusiwa, lakini hupoteza kasi upesi. Kwa elki tusingeishauri. Chukua koni ya greni 350 hadi 450, ya madini laini ya risasi ambayo ukucha unaacha alama. Iliyochanganywa na madini magumu hupenya bila kutanuka.

4. Jaribu mkazo. Hapa usiharakishe. Kwa gobore la kisasa, toa kizibo cha nyuma, shindilia risasi bila baruti, elekeza mdomo wa mtutu chini na ugonge kitako kwa kiganja. Ikisogea hata kidogo, iache. Siku nzima ya kupanda na kushuka milima itaisogeza mbele, ibaki nafasi kati yake na baruti, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Tafuta iliyo nene zaidi kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, ujaribu tena.

5. Tafuta kipimo cha baruti. Anza na greni 70 za ujazo (zinazopimwa kwa kikombe cha kupimia baruti, si kwa mizani), ongeza 5 kila mara, usivuke kikomo cha mtengenezaji wa bunduki. Kama kipimo kiliandikwa kwa baruti nyeusi nawe unatumia Triple Seven (baruti mbadala yenye nguvu zaidi), punguza asilimia 15. Weka kiduara cha felti kati ya baruti na risasi ili gesi isivujie pembeni na kula kitako cha risasi. Piga tatu tatu, ukifuta mtutu kila baada ya risasi. Masizi yakijaa, inayofuata haitafika chini.

Umbali wako wa mwisho porini ni ule ambapo zote tatu, ukiwa umepiga goti, zinaingia kwenye duara la inchi 6.

6. Chora mdeki. Baada ya kushindilia, weka alama mdeki unapokutana na mdomo wa mtutu. Kila ukimaliza mteremko, toa fataki (kifuniko kidogo kinachowasha baruti), elekeza mtutu mbali na watu na mwili wako, teremsha mdeki taratibu. Alama ikiwa juu ya mdomo, risasi imesogea: ishindilie tena kabla ya kurudisha fataki.