Gitaa kuukuu la pikapu moja: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Ukisikia mtu hapa Tanga anauza gitaa la umeme "la Mmarekani, la zamani, pikapu moja", usikimbilie kutoa pesa, na wala usicheke. Pikapu ni kile kifaa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, kinachonasa sauti na kuipeleka kwenye amplifaya. Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya Marekani vilitengeneza magitaa ya bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi: mbao zisizo na urembo, pikapu moja, na mengine shingo fupi ya kuwafaa watoto. Leo watu wazima wanayapigia jukwaani. Huku kwetu yanafika kupitia ndugu aliyetoka ng'ambo, au mzee wa bendi anayepunguza vitu ndani. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia mteja akiniomba nimsindikize kukagua. Beba futi kamba, tochi, multimita (kipima umeme) na waya wa gitaa.

Hatua ya 1: Jua wewe unapiga nini

Gitaa la pikapu mbili lina swichi; sauti ikikukera unahamia upande wa pili. La pikapu moja halina pa kuhamia. Pale kiwanda kilipoiweka ndipo sauti yako itakapotoka siku zote, kwa hiyo swali la kwanza si jina la gitaa, ni mahali pikapu ilipo.

Karibu na shingo, uzi unacheza kwa upana, sauti inatoka nene na laini. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, uzi umebanwa, hauchezi sana, na sauti inakuwa kali, ya kukata. Mpiga rizimu, au anayetaka kusindikiza taarabu, atapenda ile ya shingoni. Tanga hilo tunalijua vizuri: Black Star Musical Club walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu miaka ya 1960, kazi ya gitaa ilikuwa kumjibu mwimbaji bila kumfunika. Mpiga solo wa dansi ana shida nyingine. Lazima asikike juu ya ngoma na tarumbeta, na hapo pikapu ya darajani ndiyo mkombozi.

Kama bado hujui utapiga nini, chukua ya darajani. Kitufe cha toni kinaweza kupunguza ukali uliopo; hakiwezi kuongeza ukali ambao haupo.

Mteja huwa ananiuliza: "Fundi, si tutoboe tu tuweke ya pili?" Hapana, bwana. Ukishachimba ubao wa gitaa la umri huo, umeshusha thamani yake na huwezi kuirudisha. Anayetaka pikapu mbili anunue la pikapu mbili.

Hatua ya 2: Yatambue yenyewe

Fender Musicmaster lilianza mwaka 1956. Pikapu yake iko shingoni, imelazwa mshazari. Hili ndilo ninalompendekezea mpiga rizimu bila kusitasita; ni jepesi na halina mambo mengi ya kuharibika.

Fender Bronco lilikuja mwaka 1967, na lenyewe limegeuza mambo: pikapu iko darajani, na lina mkono wa kutikisa nyuzi. Mkono huo ni wa aina yake, huukuti kwenye Fender nyingine, hivyo kikipotea kipande hapo Ngamiani hakuna duka litakalokuuzia. Muuzaji akisema "mkono upo nyumbani, nitakuletea", mwambie aulete kwanza.

Gibson Les Paul Junior, la mwaka 1954, ni kipande cha mahogani chenye pikapu moja nene iitwayo P-90, darajani. Kwa sauti, hakuna la kushindana nalo kwenye orodha hii. Kwa bei pia hakuna: Junior halisi la miaka ya 1950 huko nje linauzwa kwa maelfu ya dola. Ukiletewa moja mjini kwa bei ya pikipiki, jiulize mara mbili kabla hujaanza kuota.

Gibson Melody Maker lilifuata mwaka 1959, jembamba zaidi, na pikapu ndogo isiyo na skrubu juu. Watu wengi wanalipita. Mimi naliona ndilo lenye faida kubwa kwa mwenye fedha kidogo, kwa sababu mbao ni za kiwanda kile kile cha Junior, na vifaa vyake vyote vya umeme vimefungwa chini ya kibao cha plastiki cha mbele. Unafungua skrubu chache tu, kila kitu kiko mkononi.

Kisha kuna Silvertone 1448, lililotengenezwa na Danelectro na kuuzwa kwenye maduka ya Sears kuanzia mwaka 1962. Mwili wake ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa hadibodi, ile ile tunayoijua kwenye dari za nyumba. Pikapu imefungwa ndani ya kibomba cha rangi ya mdomo, kweli kabisa, na amplifaya imejengwa ndani ya sanduku la kubebea gitaa. Sauti yake ni nyembamba, yenye kengele, na naipenda. Ila amplifaya ile ni ya umeme wa Marekani, volti 117. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 bila transfoma ya kushusha, utanusa moshi kabla hujasikia muziki.

Hatua ya 3: Pima urefu wa uzi

Hapa ndipo wengi wanapouziwa kitu wasichokijua. Pima kutoka nati, pale nyuzi zinapotokea kichwani, mpaka katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo), kisha zidisha kwa mbili. Usipime hadi darajani, kwa sababu daraja huwa limesogezwa.

Musicmaster la mwanzo litakupa inchi 11¼, yaani urefu wa 22½. Kuanzia mwaka 1964 Fender wakaleta na toleo la inchi 24. Hilo litasoma 12 kamili, sawa na Bronco. Njia ya haraka zaidi ni kuhesabu freti: fupi lina 21, refu lina 22. Junior na Melody Maker za kawaida ni 24¾, utasoma takribani 12⅜. Lakini yapo pia matoleo madogo ya Gibson hizo, ya inchi 22¾, na kwenye picha ya simu si rahisi kuyatofautisha na makubwa.

Kwa nini inchi mbili tatu zisumbue? Nyuzi zile zile, kwa noti zile zile, kwenye gitaa la 22½ zinalegea kwa karibu asilimia 22 ukilinganisha na gitaa refu la inchi 25½. Ukizoea kubonyeza kwa nguvu, noti inapanda na unasikika umepotoka wakati umetuni vizuri. Dawa ipo, nitaitaja mwishoni, lakini mwenye vidole vinene bado atabanana kule juu.

Hatua ya 4: Shingo, shingo, shingo

Rangi iliyobanduka haina shida, vitufe vilivyopotea havina shida. Shingo iliyopinda inaweza kumaliza habari. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, kisha tazama freti ya 7 au ya 8. Uzi ukiacha upenyo wa kupitisha kadi ya biashara, hali ni nzuri. Ikipita hata sarafu, shingo imevutwa mbele.

Sasa uliza kama inarekebishika. Kwenye Gibson, nondo ya shingo (chuma cha ndani kinachoinyoosha) inakazwa kutokea kichwani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Ni kazi ya dakika chache. Kwenye Musicmaster na Bronco za miaka hiyo, kichwa cha nondo kiko upande wa mwilini, hivyo unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne za nyuma, unainua shingo, unakaza kidogo, unarudisha, unatuni, unaangalia. Inachosha lakini inawezekana. Silvertone lina vyuma ndani ya shingo visivyokazika kabisa. Shingo yake ikiwa imepinda sana, rudisha gitaa kwa mwenyewe na ushukuru.

Gibson wana ugonjwa wao. Kichwa kimeinamishwa nyuma na ubao ni mwembamba pale nyuma ya nati, kwa hiyo likianguka linavunjikia hapo. Washa tochi, ilaze karibu na ubao ili mwanga upite kwa ubavu, kisha pitisha ukucha taratibu. Mstari mwembamba unaokatisha nyuzinyuzi za mbao, au rangi iliyokolea ghafla, maana yake palishavunjika pakagundishwa. Ufa uliogundishwa vizuri unadumu, nami nimeyaona mengi yanayopigwa kila wiki. Bei lakini ishuke, tena ishuke sana.

Hatua ya 5: Multimita iseme

Chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu yote, weka multimita kwenye kilo-omu, gusa ncha na mwili wa jeki ya upande wa pili. P-90 kwa kawaida inasoma kati ya 7 na 9. Pikapu za Fender hizi zinasoma chini kidogo, na ya Danelectro iko chini zaidi, karibu na 4 au 5.

Ukisoma 250 au 500, usifurahi kwamba pikapu ina nguvu. Hapo unasoma poti ya volyumu (kile kifaa kilicho chini ya kitufe) peke yake. Pikapu imekatika ndani. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na chumvi ya pwani ikishaingia unaliwa. Fundi wa kusuka mota hataweza kuusuka upya, hana waya wa unene huo.

Kisha fungua kibao kinachofunika vifaa vya umeme, geuza poti usome namba mgongoni. Ikianza na 137 imetoka CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki: 1376633 ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko poti zake, labda ziwe zimebadilishwa, na risasi iliyochomelewa upya utaiona inang'aa.

Hatua ya 6: Sikiliza mngurumo

Pikapu moja ya koili moja (msuko mmoja wa waya) itanguruma, huo ni umeme wa hertzi 50 na hakuna pikapu ya pili ya kuufuta. Zima feni na taa, geuka pande tofauti, utasikia unapungua. Mlio mkali unaotoweka ukigusa nyuzi ni jambo la kawaida pia. Unaoongezeka ukigusa ni waya wa ethi uliokatika au kufungwa kinyume. Na ukihisi hata mtekenyo wa umeme kwenye nyuzi, acha gitaa chini, chomoa amplifaya ukutani, ipeleke kwa fundi.

Hatua ya 7: Ukishalinunua

Kwenye gitaa la inchi 22½ funga seti ya nyuzi inayoanzia 11, yaani uzi mwembamba kuliko yote una unene wa inchi 0.011. Mkono utaisikia kama seti ya 10 kwenye gitaa refu. Kwa inchi 24 na 24¾, seti ya 10 inatosha. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, hasa ukitoka kupiga ufukweni Raskazone, na skrubu za daraja zipake mafuta ya cherehani tone moja kwa ncha ya kijiti.

Kwenye Junior na Melody Maker daraja ni kipande kimoja kinachozungukwa na nyuzi, na kuna skrubu mbili ndogo nyuma yake, moja kila upande. Linganisha noti ya harmoniki ya freti ya 12 (unagusa uzi tu bila kuubonyeza) na noti ya kubonyeza hapo hapo. Ya kubonyeza ikiwa juu, kaza skrubu ili daraja lirudi nyuma. Ikiwa chini, legeza. Anza na uzi wa kwanza na wa sita. Nyuzi za kati hazitakuwa sawasawa kabisa, hasa uzi wa tatu, na kwenye daraja la aina hiyo uache ulivyo.