Mwenye aibu aanzie kwenye semina

Kama wewe ni mwaka wa kwanza chuoni na una aibu ya kuongea mbele za watu, usihangaike na ukumbi wa mihadhara wa watu 400. Anzia kwenye semina, ambako huwa mko wachache. Usiku wa kuamkia semina, andika swali moja kutoka kwenye hendauti (karatasi za somo mlizopewa), pamoja na namba ya ukurasa, na uliulize ndani ya dakika 10 za mwanzo. Ukisubiri, mwingine atalisema na wewe moyo utazidi kwenda mbio.

Kaa kiti kilekile kila wiki ili jirani awe yuleyule. "Mambo, umeshasaini mahudhurio?" inatosha kabisa kuanza mazungumzo naye. Kundi la kazi za darasani litafute mapema. Wapole wengi huchelewa hapo, wakapangwa na waliobaki, na kazi yote ikawaangukia wao.