Somo: Namna ya Kuchagua Antivirasi ya Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu wanachama, somo hili la antivirasi, yaani programu inayoilinda kompyuta dhidi ya virusi, ni la mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, hasa sisi tulioko Kigoma, ambako kompyuta nyingi hupata intaneti ya kurushiwa kutoka kwenye simu pale bando linapokuwepo, na ambako flashi hutembea kila siku kati ya nyumbani, shuleni na steshenari za Mwanga. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ushauri mwingi kuhusu antivirasi umeandikwa kwa ajili ya watu ambao kompyuta zao zimeunganishwa na intaneti usiku na mchana. Programu inayomfaa mtu wa namna hiyo si lazima imfae mwalimu wa Ujiji anayewasha data mara moja kwa wiki.

Hatua ya kwanza: Ijue kompyuta yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Dirisha dogo litakuonyesha toleo la Windows ulilonalo. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, ambao unafika tarehe 13 Oktoba 2026.

Naanza na toleo kabla ya antivirasi kwa makusudi. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo, na kilipita kwenye tundu la usalama la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba, mwezi Machi mwaka huohuo. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa hazikuingilika kwa njia hiyo. Kununua antivirasi ya gharama huku Windows yenyewe haijasasishwa kwa miaka ni sawa na kuajiri mlinzi kwa nyumba isiyo na milango.

Angalia pia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, na aina ya diski. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya HDD italemewa na antivirasi nzito, na mwenye nayo atachoka kusubiri mpaka aizime. Antivirasi iliyozimwa haimlindi mtu.

Hatua ya pili: Tazama ulinzi ulionao tayari

Windows 10 na Windows 11 huja na Microsoft Defender, ambayo hailipiwi. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, na utazame ni programu gani inayolinda kompyuta yako na lini ilisasishwa mara ya mwisho. Laptopu nyingi mpya huuzwa zikiwa na antivirasi ya majaribio. Muda wake ukiisha, mwenye kompyuta huendelea kuona alama yake kwenye kioo akidhani bado inafanya kazi. Kama hukusudii kuilipia, iondoe kabisa, uwashe upya kompyuta, kisha uhakikishe kwamba Defender imerudi kazini.

Usiweke antivirasi mbili zenye ulinzi wa muda wote kwa pamoja. Kila moja hujaribu kukagua faili lilelile kwa wakati mmoja, kompyuta inakuwa nzito, na pengine moja huitilia shaka nyingine.

Hatua ya tatu: Jiulize kompyuta yako inakaa mtandaoni kwa kiasi gani

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na ningependa msomaji asipapite haraka.

Antivirasi hutambua kirusi kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kulinganisha faili na orodha ya alama za virusi iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Ya pili ni kuchunguza mwenendo wa programu, kwa mfano programu inayoanza kubadilisha mamia ya mafaili ghafla. Ya tatu ni kuuliza seva za kampuni, yaani kompyuta zake kubwa zilizoko mbali, kupitia intaneti: faili likiwa geni, taarifa zake hutumwa huko na jibu hurudi kwa muda mfupi. Njia hii ya tatu imekuwa tegemeo kubwa la programu nyingi za leo, na Defender ni mojawapo. Kompyuta ikiwa na intaneti, Defender hupata alama nzuri katika majaribio. Intaneti ikikatika, uwezo wake wa kutambua virusi hushuka kwa kiasi kinachoonekana wazi katika majaribio ya maabara, wakati baadhi ya washindani wake, Bitdefender ikiwa mmojawapo, hawayumbi sana.

Sasa fikiria mazingira yetu. Mwanafunzi amechapisha kazi yake kwenye steshenari, ambako kompyuta moja imepokea flashi za watu wengi tangu asubuhi. Anarudi nyumbani, data imezimwa, anachomeka flashi. Ulinzi unaohitajika wakati huo ni ule uliomo ndani ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa hakuna seva ya kuulizwa. Kwa hiyo, mtu ambaye kompyuta yake huwa mtandaoni karibu muda wote anaweza kubaki na Defender bila wasiwasi na kutumia fedha yake kwa mambo mengine. Mtu ambaye kompyuta yake hukaa siku kadhaa bila intaneti huku ikipokea flashi za watu anayo sababu halali ya kutafuta antivirasi nyingine, iwe ya bure au ya kulipia, yenye nguvu bila mtandao.

Hatua ya nne: Soma matokeo ya maabara, usisome matangazo

Ziko taasisi mbili ninazozitegemea. AV-TEST iko Magdeburg, Ujerumani, nayo hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa matumizi, jumla 18. AV-Comparatives iko Innsbruck, Austria, na katika jaribio lake la ulinzi dhidi ya programu hasidi huonyesha kando kiwango cha utambuzi bila intaneti na kiwango cha utambuzi kukiwa na intaneti. Safu hiyo ya bila intaneti ndiyo ya kuitafuta kwanza. Kisha tazama kengele za uongo, yaani mara ngapi programu imelishuku faili salama, kwa sababu antivirasi inayopiga kelele bila sababu humzoesha mtu kubonyeza “ruhusu” bila kusoma. Mwisho tazama jaribio la wepesi. Matokeo yote yanapatikana bure kwenye tovuti zao, nayo hubadilika, hivyo soma ya karibuni.

Hatua ya tano: Bei, leseni na siri zako

Leseni huhesabiwa kwa mwaka na kwa idadi ya vifaa. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu, na kadi uliyolipia inaweza kukatwa fedha zaidi mwaka unaofuata bila wewe kuulizwa tena, kwa hiyo zima malipo ya kujirudia mara tu unapomaliza kununua.

Programu ya bure nayo inataka kusomwa masharti yake. Mwaka 2020 kampuni ya Avast iliifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya kufichuliwa kwamba taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji zilikuwa zikiuzwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa jambo hilo. Antivirasi huona karibu kila kitu kwenye kompyuta yako. Ukiisakinisha, ingia kwenye mipangilio ya faragha na ukatae kila ruhusa ya kushiriki data ambayo si ya lazima kwa ulinzi.

Hatua ya sita: Pakua, sakinisha, kisha pima

Pakua kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Sasisha mara moja, kagua kompyuta nzima, halafu ujiridhishe kwamba ulinzi unafanya kazi kwa kutumia faili la majaribio la EICAR, lenye herufi na alama 68 tu, lisilo na madhara yoyote, ambalo antivirasi zimekubaliana kulikamata kana kwamba ni kirusi. Likipita bila kuguswa, kuna tatizo katika usakinishaji wako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Ujiji: Shikamoo mwalimu. Nilipeleka flashi kuchapisha barua, na niliporudi nyumbani mafolda yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato (shortcut). Je, kazi zangu zimepotea?

Jibu: Marahaba. Kwa kawaida hazijapotea, zimefichwa. Tazama kwa makini alama ya folda: utaona mshale mdogo kwenye kona ya chini, na ukubwa wake ni kilobaiti chache tu ilhali folda lako lilikuwa na picha tele. Usiibonyeze alama hiyo, kwa sababu kuibonyeza ndiko kunakokiamsha kirusi. Kagua kwanza kompyuta yenyewe, kisha flashi. Baada ya hapo fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri za Windows, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka badala ya E herufi ya flashi yako. Mafolda halisi yatajitokeza. Nakili kazi zako kwenye kompyuta, fomati flashi (yaani ifute yote), na kuanzia sasa tenga flashi moja ya kuchapishia isiyobeba kitu kingine. Penye nafasi, tuma waraka wa PDF kwa barua pepe na uiache flashi nyumbani.

Swali kutoka Kasulu: Fundi ameniwekea antivirasi ya kulipia bila kunitoza leseni. Aliniambia nizime ulinzi kwanza ndipo aiweke, na inaonyesha imelipiwa hadi mwaka 2030. Nina usalama?

Jibu: Ndugu yangu, hapana. Hiyo ni kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la leseni, na programu inayotaka ulinzi uzimwe ili iingie imeingia bila kukaguliwa na mtu yeyote. Huenda pia imezuiwa kuwasiliana na seva za kampuni ili isigundulike, na hapo haisasishwi. Iondoe, washa Defender, kisha ndani ya Windows Security chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaanza kufanya kazi kikamilifu. Baada ya hapo badilisha nywila za barua pepe na za huduma za fedha, ukitumia kifaa kingine. Antivirasi ya bure iliyo halali inakulinda kuliko ya kulipia iliyoibwa.

Swali kutoka Uvinza: Nyumbani hatuna intaneti kabisa. Je, antivirasi inaweza kusasishwa kwa flashi?

Jibu: Inawezekana. Microsoft huweka kwenye tovuti yake faili la kusasishia Defender, linaloitwa mpam-fe.exe, na unaweza kulipakua ofisini au mahali penye wifi, ukalibeba kwa flashi safi na kulifungua kwenye kompyuta ya nyumbani. Chagua faili la biti 64 au 32 kulingana na Windows yako. Ni faili kubwa, hivyo usilipakue kwa bando dogo. Fanya hivyo kila wiki ukiweza. Kwa hali yako, hata hivyo, soma tena hatua ya tatu, kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nikimfikiria nilipoiandika.

Swali kutoka Gungu: Nasikia Kaspersky, antivirasi ya kampuni ya Urusi, imepigwa marufuku. Leseni yangu bado ina miezi kadhaa. Niitupe?

Jibu: Marufuku hiyo ni ya serikali ya Marekani, iliyotangazwa Juni 2024, nayo inahusu mauzo na usasishaji ndani ya Marekani kwa hoja za usalama wa taifa hilo. Katika majaribio ya maabara programu hiyo imekuwa ikipata alama za juu. Tumia leseni yako hadi iishe, hakikisha inasasishwa, na utakapofika wakati wa kununua tena upime upya ukiwa na taarifa zote mbili mbele yako.

Swali kutoka Kibirizi: Nikiwa mtandaoni ukurasa mwekundu hutokea na mlio, ukisema kompyuta ina virusi na kwamba nipige namba fulani. Antivirasi yangu haisemi kitu. Nimwamini nani?

Jibu: Amini antivirasi yako. Onyo la kweli hutoka kwenye programu uliyoisakinisha, na tovuti haina uwezo wa kukagua diski yako. Usipige namba hiyo wala usipakue kinachotolewa hapo. Ukurasa ukigoma kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari na ukifunge kwa nguvu. Ukikifungua tena, kikikuuliza kama urudishe kurasa za awali, kataa. Ikiwa onyo linajitokeza hata kivinjari kikiwa kimefungwa, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na uifute kila tovuti usiyokumbuka kuipa ruhusa.