Kuziba Tundu kwenye Boti ya Faiba, Hatua kwa Hatua

Nyuzi za kioo zilizofungwa ndani ya rezini, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu, haziozi kama mbao wala hazipati kutu kama chuma, na ndiyo maana faiba hutumika kutengeneza boti za uvuvi, matangi ya maji na ya kemikali, ngazi za mafundi umeme na hata mapanga ya mitambo ya upepo iliyoko karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwongozo huu unahusu boti iliyotoboka ubavuni baada ya kugonga mwamba. Tutatumia rezini ya poliesta na mkeka wa faiba wenye uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba.

Hatua ya kwanza ni kuosha na kukausha. Osha sehemu iliyoharibika kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, kisha iache boti kivulini hadi ikauke kabisa, hata kama itachukua siku kadhaa. Unyevu uliojificha kati ya tabaka huzuia rezini kushika, na mvuvi anayekuharakisha aelezwe hivyo waziwazi, kwa sababu ni yeye atakayekuwa baharini kiraka kitakapobanduka.

Hatua ya pili ni kusaga, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kata faiba yote iliyopasuka au kulegea mpaka ufikie iliyo nzima. Kisha chukua grainda yenye msasa mkwaruzo na uchonge kingo za tundu kwa mteremko mrefu, ambao upana wake ni mara 12 ya unene wa ubavu: ubavu wa milimita 6 unahitaji mteremko wa takriban sentimita 7 kuzunguka tundu lote. Mafundi wengi huchonga sentimita mbili tu ili kuokoa rezini, na kiraka cha namna hiyo hubaki kimeshikilia ukingo mwembamba ambao mawimbi huufungua baada ya muda. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, miwani ya kinga, glavu na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Ukimaliza, ondoa vumbi lote na ufute kwa kitambaa safi chenye asetoni.

Hatua ya tatu ni kuweka kizuizi. Funika tundu kwa ndani kwa kipande cha ubao mwembamba kilichofunikwa kwa nailoni, kifuate umbo la ubavu na kibane imara, ili tabaka la kwanza lipate pa kuegemea.

Hatua ya nne ni kuandaa mikeka. Kila tabaka la mkeka huu hutoa unene wa karibu milimita 1, hivyo ubavu wa milimita 6 utahitaji tabaka sita. La kwanza liwe kubwa kiasi cha kufunika mteremko wote, na yanayofuata yapungue kidogo kidogo. Chana kingo kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi, kwani nyuzi zilizochanika hulala vizuri na haziachi ngazi.

Hatua ya tano ni kuchanganya. Pima mkeka kwa mizani, kisha pima rezini yenye uzito wa mara mbili hadi mbili na nusu ya mkeka huo, na uigawe katika vikombe vidogo. Hadena, yaani kimiminika kinachoifanya rezini igande, iwe kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Katika joto la mwambao mimi hubaki kwenye asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo moja, na hufanya kazi asubuhi kivulini. Kukadiria kwa macho hakufai: ikizidi, rezini huchemka na kupasuka, ikipungua, hubaki laini. Hadena ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo osha mara moja kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Ukinunua kando kichapuzi cha kobalti, yaani dawa ya kuharakisha kuganda kwa rezini, usikikutanishe kamwe na hadena moja kwa moja, kwa maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Sigara na moto viwe mbali, kwani mvuke wa rezini huwaka.

Hatua ya sita ni kulaza. Paka rezini kwenye mteremko, laza mkeka, uloweshe kwa brashi, kisha pitisha rola ya chuma yenye mifereji hadi mapovu yote yatoke na weupe wa nyuzi upotee. Usilaze zaidi ya tabaka tatu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu joto la rezini likikusanyika huipindisha kazi. Subiri ipoe ndipo uendelee.

Tabaka la mwisho litiwe rezini yenye nta, kwa kuwa hewa huzuia uso wa poliesta kukauka na kuuacha ukinata. Siku ya pili toa kizuizi, piga msasa, na ugonge kiraka chote kwa sarafu: panapotoa sauti nzito iliyofifia pana utupu, na hapo sharti pasagwe upya. Paka jelikoti, yaani rezini yenye rangi inayokuwa ngozi ya nje ya boti, kisha iache boti nchi kavu karibu wiki moja kabla ya kuirudisha majini. Kwa tangi la maji ya kunywa, tumia rezini iliyothibitishwa kwa matumizi hayo pekee.